Moab: Kwa Nini Jangwa Lililo Wazi Lina Masharti Mengi Hivi

Kusini-mashariki mwa jimbo la Utah, nchini Marekani, kuna mji mdogo uitwao Moab. Una wakazi wapatao 5,300, na umekaa kando ya mto Colorado, umezungukwa na miamba myekundu kila upande. Ukiziangalia picha zake unaona nchi tupu: hakuna ukuta, hakuna mashamba, ni mawe na anga. Lakini anayekwenda kule kutembea, kuendesha baiskeli au kupanda miamba huchanganyikiwa siku ya kwanza tu. Kwenye jabali hili, kujirusha kutoka juu kwa mwavuli wa parachuti ni kosa la kumfikisha mtu mahakamani. Kwenye jabali la jirani, la rangi ileile na mwamba uleule, watu wanaruka mchana kweupe na hakuna wa kuwauliza. Mbwa aliyefungwa kamba anatembea na mwenyewe kwenye njia hii. Kwenye njia nyingine, kilomita chache mbele, haruhusiwi hata akibebwa. Baiskeli hapa inapita, pale haipiti.

Wageni wengi huishia kusema kwamba Wamarekani wanapenda tu kuweka masharti. Sikubaliani nao. Masharti ya Moab yana sababu zake, ila sababu hizo zimetoka pande mbili zisizohusiana. Baadhi yametoka ardhini kwenyewe, kwenye tabia ya mwamba, udongo na maji ya mahali pale. Mengine yametoka kwenye historia ya nani alikabidhiwa kipande gani cha ardhi, lini, na kwa kazi gani. Ukizichanganya pande hizo mbili unaona vurugu. Ukizitenganisha, kila kibao cha njiani kinasomeka.

Tuanze chini kabisa, kwenye chumvi.

Miaka ipatayo milioni 300 iliyopita, eneo hili lilikuwa bonde ambalo maji ya bahari yaliingia, yakakauka, yakaingia tena, mara nyingi sana. Kila yalipokauka yaliacha chumvi, mpaka likajengeka tabaka ambalo sehemu nyingine lina unene wa zaidi ya mita elfu moja. Juu ya chumvi hiyo, kwa mamilioni ya miaka, ukaja mchanga: matuta ya majangwa ya kale, kingo za mito, fukwe zilizotoweka. Mchanga ukagandamizwa, chembe zake zikashikamana, ukawa mwamba. Wekundu unaouona ni kutu, kwa maana chembe hizo zimevikwa utando mwembamba wa oksidi ya chuma.

Chumvi ikilaliwa na uzito mkubwa kwa muda mrefu haivunjiki, inatambaa. Ilisukumwa pembeni, ikajikusanya, ikainuka, na ilipoinuka ikaipasua miamba iliyo juu yake kwa nyufa ndefu zinazokwenda sambamba. Baadaye maji ya chini ya ardhi yaliifikia chumvi, yakaiyeyusha, na ardhi ya juu ikadidimia. Bonde lenyewe ulipo mji wa Moab limetokea hivyo. Katika zile nyufa, mvua na theluji ziliendelea na kazi. Maji ya mvua yana asidi hafifu inayoila chokaa inayoshikilia chembe za mchanga, na usiku wa baridi maji yaliyojificha ndani ya ufa huganda, barafu hutanuka, kipande hubanduka. Kati ya ufa na ufa hubaki ukuta mwembamba wa jiwe. Ukuta ukitoboka chini na tundu likaendelea kupanuka, unapata tao. Hifadhi ya Taifa ya Arches, iliyo kaskazini tu mwa mji, ina matao zaidi ya 2,000 yaliyoorodheshwa.

Kwa hiyo tao si mnara uliojengwa ukakamilika. Ni mwamba ulio katikati ya safari yake ya kuanguka. Landscape Arch, ambalo upana wake unakaribia mita 90, lilimega bamba kubwa Septemba 1991, lenye uzito unaokadiriwa kufikia tani 180, huku watalii wakiwa karibu. Hakuna aliyeumia, lakini njia iliyokuwa ikipita chini ya tao ilifungwa na haijafunguliwa tena. Wall Arch, ambalo watu walipiga picha chini yake miaka nenda miaka rudi, liliporomoka usiku mmoja wa Agosti 2008. Ukijua hayo, huoni ajabu kwamba kupanda juu ya matao yenye majina kumepigwa marufuku. Kanuni hiyo iliandikwa upya mwaka 2006, baada ya mpanda miamba Dean Potter kukwea Delicate Arch, tao lililo kwenye vibao vya namba za magari ya Utah. Maneno ya kanuni ya zamani yalikuwa na mwanya, na mwanya huo ukazibwa haraka.

Mwamba wa mchanga una udhaifu mwingine ambao hauandikwi kwenye vibao: ukilowa, nguvu yake hupungua. Maji huingia katikati ya chembe na kulegeza kile kinachozishikanisha. Wapandaji wanaokwenda Indian Creek, kusini mwa Moab, eneo linalosifika duniani kwa nyufa zake ndefu zilizonyooka, husubiri siku moja hadi tatu baada ya mvua kabla ya kugusa jiwe. Hakuna sheria inayowalazimisha. Ni desturi waliyojiwekea, maana kipande kikivunjika kinaweza kumuua mtu, na hata kisipomuua, njia ile imeharibika kwa wote watakaokuja. Naiheshimu desturi hiyo kuliko kanuni nyingi zilizochapishwa.

Chumvi iliyoinua miamba hii, kwa njia, bado inafanyiwa biashara. Ukisimama kwenye ukingo wa Dead Horse Point, hifadhi ya jimbo iliyoanzishwa mwaka 1959, unaona chini kule mabwawa ya buluu inayong'aa katikati ya wekundu. Ni maji yaliyopitishwa chini ya ardhi kuyeyusha chumvi aina ya potashi, yakaletwa juu na kutiwa rangi ili yanyonye joto la jua na kukauka upesi. Zamani wachimbaji waliingia wenyewe. Mwaka 1963 mlipuko ndani ya mgodi uliua watu 18. Wageni huyapiga picha mabwawa hayo wakidhani ni maziwa ya asili.

Sasa udongo, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hili ndilo ninalolijali kuliko mengine yote.

Kati ya mwamba na mwamba, penye vichaka vifupi, ardhi ya Moab imefunikwa na tabaka jeusi lenye vinundu, limekauka na kukwaruza kama ukoko wa wali ulioungua chini ya sufuria. Mgeni hulipita bila kuliangalia mara ya pili. Lakini tabaka hilo liko hai. Ndani yake mna sianobakteria, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, pamoja na likeni na mimea midogo ya jamii ya kuvumwani. Mvua ikinyesha, sianobakteria huamka na kujongea katikati ya chembe za mchanga, na kila zinapopita huacha nyuzi zenye utelezi wa gundi. Ardhi ikikauka tena nyuzi hubaki pale pale, zimeshikilia mchanga usipeperuke. Zaidi ya hapo, viumbe hivi huvuta naitrojeni kutoka hewani na kuitia kwenye udongo ambao bila hivyo usingekuwa na rutuba ya kuotesha chochote, na husaidia matone machache ya mvua kuzama badala ya kukimbia.

Kinachoponza ni kwamba ukoko ambao haujakomaa hauna weusi huo. Unafanana na mchanga wa kawaida. Inachukua miaka mingi kabla haujawa mweusi na kuota vinundu, kwa hiyo mtu anaweza kusimama mahali anapopaona patupu kabisa, kumbe chini ya soli ya kiatu chake kuna kazi ya miaka. Msimu wa ukavu, nyuzi hukauka na kukatika kirahisi. Hatua moja inazivunja, tairi la baiskeli linachora mfereji, na mfereji huo huwa njia ya maji na upepo. Utando wa kwanza unaweza kurudi baada ya miaka michache. Ukoko kamili wenye likeni na kuvumwani huchukua makumi ya miaka, na mahali pakavu zaidi karne.

Mtu atauliza: udongo wa jangwani ukivunjika, anaumia nani? Jibu liko mamia ya kilomita kutoka hapo. Vumbi linalopeperuka kutoka nyanda hizi huchukuliwa na upepo wa majira ya kuchipua hadi milima ya Rocky, likatua juu ya theluji. Theluji nyeupe hurudisha miale ya jua. Iliyochafuliwa na vumbi huinyonya, ikayeyuka wiki kadhaa kabla ya wakati wake. Ardhi inayoondokewa na theluji mapema hupoteza maji mengi zaidi kwa mvuke na mimea. Watafiti waliopiga hesabu hizo mwaka 2010 walikadiria kwamba vumbi hilo limepunguza maji ya mto Colorado kwa karibu asilimia 5 kwa mwaka. Mto huo unategemewa na watu wapatao milioni 40. Tuseme kweli, mkosaji mkubwa kihistoria si mtembeaji. Ni mifugo iliyojazwa kwenye nyanda hizi tangu karne ya 19, na matope ya maziwa ya milimani yanaonyesha jinsi vumbi lilivyopanda ghafla wakati huo. Hata hivyo, siku hizi wanaokuja kwa mamilioni si ng'ombe.

Ndiyo maana amri unayoisikia Moab kuliko zote ni kutotoka kwenye njia. Ukilazimika kutoka, kanyaga jiwe tupu au pita kwenye mkondo mkavu wa maji, mahali ambapo mafuriko yangefuta nyayo zako hata hivyo. Ni amri isiyo na mlinzi, kwa kuwa hakuna askari wa hifadhi anayeweza kusimama kwenye kila kichaka, na wanaoivunja huivunja kwa hatua tatu nne tu, wapate picha nzuri. Tatizo ni kwamba wa nyuma yao hufuata nyayo zile akidhani ni njia. Kwa maoni yangu, mtu akiwa na nafasi ya kutii sharti moja tu la Moab, atii hili.

Vidimbwi vinavyobaki juu ya miamba baada ya mvua navyo ni hivyo hivyo. Ndani yake huishi kamba wadogo ambao mayai yao hukaa makavu kwa miaka, yakisubiri maji. Mafuta ya kujikinga na jua kutoka kwenye miguu ya mtu mmoja yanaweza kukiharibu kidimbwi kizima. Usioge humo, wala usinawe miguu.

Mpaka hapa nimezungumzia masharti yanayotoka ardhini. Hayo yana tabia ya kufanana kila mahali, kwa sababu udongo haujui mpaka. Yale yanayobadilika ghafla ndiyo yanayotoka kwenye historia, na historia yenyewe ni ya ardhi ambayo walowezi hawakuitaka.

Watu wa Ute walikuwa wakiishi na kuwinda hapa, na kabla yao wapo walioacha michoro kwenye mawe na maghala ya nafaka kwenye kingo za majabali. Baada ya vita na Mexico, mwaka 1848 nchi hii ikaingia mikononi mwa Marekani. Sheria ya mwaka 1862 iliwaruhusu walowezi kujitwalia ekari 160 kila mmoja wakiishi na kulima, lakini nani angelima jabali lisilo na maji? Walowezi walikaa kando ya mto na chemchemi, na nyika iliyobaki haikuchukuliwa na mtu. Ikabaki mali ya serikali kuu kwa kukosa mwenye kuitaka. Mpaka leo serikali kuu inamiliki zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya Utah, na katika kaunti ya Grand, makao yake makuu yakiwa Moab, ardhi ya watu binafsi ni sehemu ndogo mno.

Kisha ardhi hiyo ikagawiwa wasimamizi. Utah ilipokuwa jimbo mwaka 1896, ilipewa vipande vinne katika kila vipande 36 vya ramani, kila kipande kikiwa na maili moja ya mraba, ili mapato yake yaendeshe shule. Vipande hivyo vilitawanywa kwa rula bila kujali mto wala mlima, na ndiyo maana ramani ya eneo hilo hadi leo ina miraba midogo ya rangi tofauti iliyomwagika kila upande. Msimamizi wa miraba hiyo ana wajibu wa kisheria wa kuingiza fedha kwa ajili ya shule. Anaweza kuikodisha au kuiuza. Mwaka 2014 jimbo na serikali kuu walikamilisha kubadilishana sehemu ya miraba hiyo, ili maeneo mazuri kando ya mto yawe chini ya msimamizi mmoja, lakini mingi bado ipo.

Arches ilitangazwa eneo la kumbukumbu la taifa na Rais Hoover mwaka 1929, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1971. Canyonlands, jirani yake iliyo kubwa zaidi, ilianzishwa mwaka 1964, baada ya Bates Wilson, msimamizi wa Arches, kuwazungusha wakubwa wa serikali kwenye makorongo kwa magari ya jipu miaka kadhaa ili waone kwa macho yao. Hifadhi hizi ziko chini ya sheria ya mwaka 1916 inayoagiza zitunzwe bila kuharibiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Sehemu kubwa iliyobaki iko chini ya idara ya ardhi ya serikali kuu, BLM, iliyoundwa mwaka 1946, na sheria ya mwaka 1976 inaiagiza jambo tofauti kabisa: ardhi itumike kwa kazi nyingi kwa pamoja, malisho, madini, mafuta, uwindaji, burudani na uhifadhi. Milima ya La Sal inayoonekana mashariki mwa mji, yenye kilele cha mita 3,877, iko chini ya idara ya misitu. Nao kaunti na mji wana barabara zao.

Sasa rudi kwa yule anayeruka na mwavuli. Hifadhi ya taifa inaanza na kukataza, na kila anayetaka kufanya jambo jipya lazima aonyeshe kwamba halidhuru. BLM inaanza na kuruhusu, na anayetaka kuzuia ndiye lazima aonyeshe madhara. Jabali ni lile lile. Swali linaloulizwa ndilo tofauti. Kwa sababu hiyo hiyo, baiskeli hifadhini hupita kwenye barabara za magari tu na si kwenye njia za miguu, wakati nje ya mpaka zipo njia zilizochongwa kwa ajili yake. Na hata BLM hufikia kukataza: baada ya watu kuanza kujirusha kwa kamba ndefu chini ya Corona Arch na kubembea, na ajali kutokea, shughuli za kamba zilipigwa marufuku kwenye tao hilo.

Jambo linalonigusa katika historia hii ni kwamba burudani yenyewe imepita juu ya nyayo za mgodi. Mwaka 1952 mtafutaji madini aitwaye Charlie Steen aligundua urani nyingi kusini mwa Moab, na mji mdogo wa matunda na mifugo ukafurika watu. Serikali ilikuwa inaihitaji urani kwa mabomu, kwa hiyo barabara zilichongwa kwa tingatinga hadi kwenye kingo ambazo hata mbuzi wangesita. White Rim, barabara ya takriban kilomita 160 inayozunguka chini ya nyanda za juu za Canyonlands, ambayo leo waendesha baiskeli huomba kibali miezi kabla, ilichongwa kwa ajili ya urani miaka ya 1950. Safari maarufu ya magari ya jipu ya Pasaka ilianza mwaka 1967 kwenye barabara hizo hizo. Njia ya Slickrock, iliyowaleta waendesha baiskeli za milimani kutoka duniani kote, ilichorwa mwaka 1969 kwa ajili ya pikipiki. Kiwanda cha urani kilifungwa mwaka 1984, watu wakahama, nyumba zikauzwa kwa bei ya kutupa, na ni katika miaka hiyo ya njaa baiskeli zikaanza kuonekana juu ya miamba.

Kiwanda hicho kiliacha mabaki ya tani zipatazo milioni 16 kando kabisa ya mto Colorado. Mwaka 2009 yalianza kusombwa kwa treni kupelekwa kuzikwa Crescent Junction, yapata kilomita 48 kaskazini. Anayefika Moab kwa barabara kutoka kaskazini hupita mahali hapo, mbele kidogo ya lango la Arches, na wengi hawajui wanachokipita.

Barabara hizo za wachimbaji sasa ndizo zinazozua mgogoro mkali zaidi. Mwaka 2023 BLM ilipitia eneo la magharibi mwa Moab na kuamua kufunga zaidi ya kilomita 500 za njia za magari, ikaacha zaidi ya kilomita 1,300 wazi. Wenye magari ya 4x4 walikwenda mahakamani wakisema wamenyang'anywa. Wengine, hasa wapiga makasia wanaopita kwenye mto Green chini ya majabali hayo, walisema afadhali: walichoka kusikia injini ndani ya korongo. Mimi nauona uamuzi ule kuwa wa haki, maana njia nyingi zilizofungwa hazikupangwa na mtu. Zilizaliwa na tairi moja kufuata jingine, juu ya ukoko ule ule niliousimulia. Lakini ninaelewa uchungu wa mzee aliyepita njia fulani na baba yake.

Na wenyeji wa kwanza? Kwa muda mrefu hawakuulizwa. Mwaka 2015 makabila matano, Hopi, Navajo, Zuni, Ute Mountain Ute na Ute wa Uintah na Ouray, yaliungana kuomba Bears Ears, nchi ya makorongo iliyo kusini, ilindwe. Rais Obama aliitangaza eneo la kumbukumbu la taifa mwaka 2016, lenye ekari zipatazo milioni 1.35, Trump akaipunguza kwa karibu asilimia 85 mwaka uliofuata, Biden akairudisha mwaka 2021, na mwaka 2022 makabila hayo yakatia saini mkataba wa kuisimamia kwa pamoja na serikali. Ndani yake limo Indian Creek la wapandaji. Mwaka 2021 mpandaji mmoja alitoboa na kufunga vyuma vya kamba juu ya michoro ya kale karibu na Arches, akidhani ni michoro ya wahuni. Mwaka huo huo mawe ya michoro karibu na Moab yalichorwa maneno machafu. Kwa watu wa makabila hayo, michoro ile si mabaki ya watu waliokwisha. Ni maandiko ya bibi na babu zao. Kuigusa kwa kidole hata kwa nia njema huiharibu, kwa kuwa mafuta ya ngozi hubaki juu ya jiwe.

Kuhusu joto na mafuriko nitasema kwa ufupi, maana hayahitaji historia. Julai joto la mchana hufikia wastani wa nyuzi 37, na njiani hakuna maji. Wahifadhi wanashauri angalau lita nne kwa mtu kwa siku. Njia ya Delicate Arch ni kilomita 4.8 tu kwenda na kurudi, lakini sehemu kubwa ni jiwe tupu lisilo na kivuli, na watu wenye afya njema wamezimia hapo. Mwezi Julai hadi Septemba huja mvua za radi, na jiwe halinywi maji: mvua ikinyesha kilomita nyingi juu yako, ukuta wa maji ya matope unaweza kukufikia ndani ya korongo jembamba ukiwa chini ya anga la buluu. Agosti 2022 maji kama hayo yalipita katikati ya barabara kuu ya mji wenyewe. Mwachieni mtu taarifa ya mnakokwenda na saa ya kurudi. Mwaka 2003 Aron Ralston alibanwa mkono na jiwe kwenye korongo la Bluejohn, magharibi mwa Canyonlands, bila kuwa amemwambia mtu yeyote alikokwenda, na baada ya siku tano akaukata ili aishi. Wanaokuja kuwatafuta waliopotea kaunti ya Grand wengi ni raia waliojitolea.

Kinachobaki ni umati. Arches ilipata wageni milioni moja na kidogo mwaka 2011, na zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2021. Ina barabara moja ya kuingia, na ni hiyo hiyo ya kutokea. Lango lilikuwa likifungwa asubuhi mapema kwa kujaa, magari yakigeuzwa. Kuanzia Aprili 2022 hifadhi ikaanza kuwataka wageni waweke nafasi ya saa ya kuingia katika miezi ya msongamano, na utaratibu huo ukarekebishwa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo anayepanga safari aangalie kwenye tovuti ya hifadhi kama bado unatumika kabla ya kukata tiketi. Wafanyabiashara wengine wa mji waliulalamikia. Mimi nadhani mgeni aliyeambiwa saa yake mapema ametendewa vizuri kuliko aliyesafiri siku nzima akarudishwa getini.

Salt Lake City, mwendo wa kama saa nne kwa gari kutoka Moab, wanaishi Wakongo na Warundi wengi wanaozungumza Kiswahili, na kwao safari hii iko ndani ya wikendi moja. Aprili, Mei na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Walio na watoto waanzie The Windows ndani ya Arches, ambako matao makubwa yako karibu na maegesho. Mwenye baiskeli na asiye mzoefu aiache Slickrock, ni kali. Apande Dead Horse Point, penye njia laini na mandhari ileile. Anayetaka maji apande boti la mpira kwenye sehemu ya mto Colorado inayopita Fisher Towers, ambayo familia huimudu, na asijaribu Cataract Canyon, korongo lenye mikondo mikali, bila waongozaji, hasa Mei na Juni theluji inapoyeyuka. Anayelala nje ya kambi rasmi abebe choo chake, yaani chombo cha kubebeka au mifuko maalumu ya haja kubwa, kwa kuwa kwenye mchanga mkavu kinyesi hakiozi kama kwenye udongo wa nyumbani. Na kabla ya kuanza safari, pakueni ramani inayoonyesha mipaka ya wasimamizi kwa rangi, kwa sababu mtandao wa simu ndani ya makorongo haupatikani, na rangi hizo ndizo zitakazowaambia kama mbwa anashuka garini au anabaki.